Inveta ya Gari kwa Kambi ya Udzungwa

Inveta ni kifaa kinachogeuza umeme wa mkondo mnyoofu wa volti 12, unaotoka kwenye betri ya gari, kuwa mkondo geu wa volti 230 kama ule wa majumbani. Kidatu, chini ya Milima ya Udzungwa, hakuna uhaba wa umeme: mitambo ya bwawa la Mto Ruaha Mkuu, iliyoanza kuzalisha mwaka 1975, ina uwezo wa megawati 204. Lakini umeme huo husafirishwa mbali kwa nyaya za msongo mkubwa, na hema lililopigwa Mang'ula, kwenye makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, mara nyingi halina umeme mwingine ila wa gari lililoegeshwa kando yake. Kwa hiyo uchaguzi wa inveta huongozwa na mambo mawili: mahitaji ya vifaa, na kiasi ambacho betri inaweza kutoa jioni na bado ikawasha injini asubuhi.

Hatua ya kwanza ni kujumlisha wati. Kila chaja huandikwa kiwango chake. Kama zimeandikwa volti na ampea tu, namba hizo mbili huzidishwa. Kompyuta mpakato huhitaji takriban wati 60, simu 10 hadi 20, chaja ya kamera 10, na taa ya LED 5. Vyote vikichomekwa kwa pamoja havifiki wati 100. Ikiongezwa akiba ya robo au zaidi, inveta ya wati 150 inatosha. Kubwa zaidi haina faida: ni ghali, na hula umeme kidogo kila inapokuwa imewashwa, hata kama haijachomekwa kitu.

Kwenye boksi huandikwa namba mbili. Ile ndogo ni wati ambazo inveta inaweza kutoa mfululizo. Ile kubwa ni za sekunde chache tu, kwa ajili ya mota inapoanza kuzunguka. Ya kufuata ni ile ndogo. Birika, pasi na jiko la umeme havimo katika hesabu hii, kwani birika moja huweza kuhitaji zaidi ya wati 1,500.

Njia ya kuunganisha nayo ina mipaka. Soketi ya kuwashia sigara kwenye dashibodi kwa kawaida hulindwa na fyuzi ya ampea 10 au 15, hivyo haifai kubebeshwa zaidi ya wati 120 hadi 150. Inveta kubwa kuliko hiyo hufungwa moja kwa moja kwenye betri kwa nyaya nene na fupi, na fyuzi yake huwekwa karibu na betri. Kuweka fyuzi kubwa ili soketi ibebe zaidi ni kukaribisha moto, maana waya wenyewe unabaki ule ule mwembamba.

Kisha ni hesabu ya betri. Kompyuta ikitumika saa mbili, simu mbili zikijazwa, kamera ikichajiwa na taa ikiwaka saa nne, jumla ni takriban wati-saa 180. Inveta hupoteza sehemu ya kumi hadi ya saba kwa joto, hivyo betri hutoa zaidi ya 200, sawa na ampea-saa 17 au 18. Gari dogo huwa na betri ya ampea-saa 45 hadi 60, nayo imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi wa kupiga stata, si kutoa kidogo kidogo hadi iishe. Usiku mmoja wa matumizi hayo unavumilika kwa betri nzima. Usiku wa pili bila kuwasha injini unaweza kuliacha gari likisubiri kubustiwa.

Inveta nyingi hujizima betri inaposhuka karibu na volti 10.5. Kinga hiyo huchelewa, kwa sababu betri iliyotulia ikiwa na volti 12.2 tayari imebaki na nusu ya chaji. Inveta inayoonyesha volti kwenye kioo chake ni bora zaidi. Bora kuliko yote ni kuchaji gari likiwa mwendoni, mathalani kati ya Mikumi na Mang'ula, wakati alteneta inazalisha umeme. Simu pia haihitaji inveta: chaja ya USB ya gari hupunguza volti 12 moja kwa moja, bila hasara ya kuzipandisha hadi 230 na kuzishusha tena.

Inveta za bei nafuu hutoa umeme unaopanda na kushuka kwa ngazi. Za wimbi safi hufuata mkunjo laini kama wa gridi. Chaja nyingi za simu na kompyuta huvumilia aina zote mbili, ila mota, baadhi ya vifaa vya tiba na vya sauti vinahitaji wimbi safi. Dukani huangaliwa pia kwamba inveta ni ya volti 220 hadi 240 na hezi 50, na kwamba soketi yake inapokea plagi ya pini tatu bapa. Baadhi ya magari yaliyotumika Japani yana soketi iliyojengwa ndani, lakini hutoa volti 100: haifai isipokuwa kwa chaja iliyoandikwa 100–240. Lori la volti 24 huhitaji inveta yake.

Katika joto la Bonde la Kilombero, inveta huwekwa kivulini penye hewa, mbali na nguo na umande, na feni yake haizibwi. Injini ikiwashwa ili kujaza betri, gari hukaa mbali na hema na bomba la moshi huelekezwa upande mwingine, kwa sababu kaboni monoksidi haina harufu na huua waliolala.