Mgombea Mashuhuri na Wajibu wa Kada

Katika madarasa ya siasa swali hili halikosi kuulizwa: mtu ambaye hajapata kuongoza hata shina, ila jina lake linajulikana nchi nzima kwa muziki au michezo, akijitokeza kuomba ubunge, tumpokeeje? Kwa kada wa Njisi mifano haiko mbali. Ng'ambo ya Mto Songwe, nchini Malawi, mwanamuziki Lucius Banda aliingia bungeni mwaka 2004. Katika mkoa wetu huu wa Mbeya, Joseph Mbilinyi, yaani Sugu, mwimbaji wa muziki wa kufokafoka, alilichukua jimbo la Mbeya Mjini mwaka 2010 kwa tiketi ya CHADEMA, akarudishwa mwaka 2015.

Kada amwonapo mgombea wa namna hii kwa mara ya kwanza huwa mwepesi kucheka. Husema huyu ni mtu wa jukwaani, vijana wamefuata ngoma na siku ya kura hawataonekana. Kicheko hicho ni uvivu wa kuchambua. Sugu alianza kusikika miaka ya 1990. Kwa hiyo kabla hajaomba kura hata moja, vijana wa mjini walikuwa wamemsikia kwa miaka mingi akizungumzia maisha yao. Kuwasemea watu ni kazi ya tawi. Tawi likilala, likaitisha mkutano pale tu uchaguzi unapokaribia, hapana budi sauti ya redioni ichukue nafasi yake. Ndugu zetu wengi hawapendi kuambiwa hivyo.

Liko pia kosa la pili, nalo ni kumkimbilia mtu kwa sababu ana jina. Chama chenyewe kimekwisha kuwasimamisha wasanii: Hamis Mwinjuma, maarufu kama Mwana FA, alichaguliwa Muheza mwaka 2020, na mwaka 2023 akateuliwa naibu waziri. Hatusemi msanii hafai. Naye ni mfanyakazi, anaishi kwa jasho lake. Tunachosema ni kwamba umaarufu ni mtaji, na mwenye mtaji wake huja na wafuasi wake. Aliyepandishwa na tawi anajua tawi linaweza kumshusha. Je, huyu aliyekuja na watu wake mwenyewe atamwogopa nani akipotoka?

Basi na aketi na wakulima kabla ya kupanda jukwaani. Hapa Kyela aulizwe habari za kakao: kwa nini mkulima mwenye shida ya ada ya shule humuuzia mlanguzi zao lake mapema kwa bei ya kutupa, na ushirika ufanye nini ili apate fedha bila kujifunga. Aulizwe habari za Songwe inapofurika na kuingia mashambani. Majibu yake yaandikwe katika kumbukumbu za tawi, na mwaka wa pili aitwe asomewe. Mgombea aliyekulia ndani ya Chama naye aulizwe hayo hayo, siku hiyo hiyo, mbele ya watu wale wale.