Usingizi wa Dereva Upangwe Kabla Lori Halijawashwa

Katika nyumba nyingi za pwani ya kusini, toka Somanga na Kilwa Masoko hadi Lindi na Mingoyo, yupo mama anayelala huku sikio lake moja liko barabarani. Mumewe, mwanawe au kaka yake ni dereva wa lori. Mama huyo anajua gari lilipakia nini na linakwenda wapi. Jambo asilolijua, na ambalo mara nyingi hata tajiri wa gari halijui, ni hili: huyu aliyeshika usukani alilala lini mara ya mwisho, na kwa saa ngapi?

Ajali inapotokea usiku tumezoea kusema, "Dereva alisinzia." Tukisema hivyo tunadhani tumemaliza. Lakini usingizi haumvamii mtu bila sababu. Mara nyingi ulikuwa umekwisha kupangwa tangu mchana, pale mtu fulani alipoahidi kwamba mzigo utafika alfajiri bila kuhesabu saa za binadamu atakayeupeleka. Kwa hiyo leo tunapenda kuongea na akina mama wenye madereva nyumbani, na pia wale wenye mizigo, juu ya kazi ya kupanga safari. Dereva anaweza kujifunza kazi hii. Nasi tunaweza kumsaidia.

BARABARA NZURI, USINGIZI MFUPI

Wazee wa Kilwa na Lindi wanaikumbuka vizuri barabara ya zamani. Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko pale Ndundu, na wakati wa masika magari yalikwama siku nyingi. Mwaka 2003 lilifunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilometa moja. Kikabaki kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilometa 60 za tope na mchanga, ambacho lami yake ilikamilika katikati ya miaka ya 2010.

Tunashukuru kwa barabara hiyo. Mgonjwa anafika hospitali mapema, na samaki wa Kilwa anafika Dar es Salaam akiwa bado mbichi. Lakini tuone na upande wa pili. Zamani foleni ya kivuko ilimlazimisha dereva apumzike hata kama hakutaka. Siku hizi hakuna kinachomsimamisha isipokuwa mizani, askari wa trafiki, na akili yake mwenyewe.

Tena malori yameongezeka. Kiwanda cha saruji cha Dangote kilianza kazi Mtwara mwaka 2015. Jasi inachimbwa Kilwa na kupelekwa kwenye viwanda vya saruji. Ukija msimu wa ufuta, na baadaye wa korosho, maghala ya Lindi hujaa magari. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi pale Kilwa Masoko, na samaki ni mzigo usiopenda kungoja. Kila mzigo una mwenyewe, na kila mwenye mzigo anasema, "Harakisha!"

HESABU YA SAFARI MOJA

Tuchukue mfano, tuuhesabu pamoja kama tunavyohesabu fedha za matumizi ya nyumbani. Dereva yuko Lindi, na mzigo wake unakwenda Dar es Salaam. Ni kilometa zipatazo 450.

Ameamka saa 10 alfajiri. Saa 12 asubuhi yuko kwenye foleni ya ghala. Anasogeza gari kidogo kidogo, anakagua matairi, anasimamia upakiaji, anafunga turubai. Kazi inakwisha saa 10 jioni, na saa 11 anaondoka. Ameahidiwa posho nzuri akifika kabla ya mapambazuko.

Sasa tuhesabu mwendo. Sheria inaruhusu gari kubwa la mizigo kwenda kilometa 80 kwa saa, lakini hiyo si hesabu ya safari. Kuna vijiji vyenye mwisho wa kilometa 50, kuna matuta, kuna milima ya Lindi. Kwa lori lililobeba, wastani wa kilometa 50 kwa saa ndio wa kuaminika. Kilometa 450 ni saa 9 za kuendesha. Ongeza saa 2 za mizani, ukaguzi na chakula. Jumla ni saa 11. Ataingia Dar es Salaam saa 10 alfajiri.

Hapo atakuwa macho kwa saa 24.

Mwaka 1997 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya jambo hili. Waliona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mtu mwenye pombe mwilini kwa kiwango ambacho nchi nyingi humkataza kuendesha gari. Akifika saa 24, ni kama mlevi hasa. Dereva wetu wa mfano anafikisha saa 17 mnamo saa 3 usiku, na bado zaidi ya nusu ya safari iko mbele yake. Halafu ile sehemu ya mwisho, toka Kibiti hadi Mbagala, anaipita kati ya saa 7 na saa 10 usiku, wakati ambapo mwili wa kila binadamu unadai usingizi kwa nguvu kuliko wakati wote.

Kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, lori hupita meta 22 kila sekunde. Dereva akifumba macho kwa sekunde 4 tu, gari limekwenda karibu urefu wa uwanja wa mpira bila mtu. Na mbele huenda kuna baiskeli, au lori lililoharibika lenye matawi ya miti tu kuwa alama.

Je, ingekuwaje kama safari ingepangwa? Dereva amalize kupakia saa 10 jioni, aegeshe gari mahali salama palepale Lindi, ale, aoge, alale. Aondoke kesho yake saa 12 asubuhi. Kwa hesabu ileile ya saa 11 atafika saa 11 jioni, kukiwa bado kweupe. Mzigo umechelewa saa 13. Kwa korosho, saruji au chumvi, saa 13 hazina hasara ya maana. Na mara nyingi ghala la Dar es Salaam lisingefunguliwa alfajiri hiyo hata hivyo.

SHERIA INASEMAJE

Wengi hufikiri kwamba dereva hana saa za kazi, kwamba kazi yake huisha mzigo unapofika. Sivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu mwajiriwa wa lori kama inavyomhusu karani wa ofisini. Kazi ya kawaida isizidi saa 9 kwa siku na saa 45 kwa wiki. Hata ukiongeza saa za ziada, mtu asifanye kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Akifanya kazi saa 5 mfululizo apewe mapumziko ya dakika 60. Kwa kawaida apate saa 12 za kupumzika kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 24 za mapumziko kila wiki, iwe ni Jumapili ya kwenda kanisani au Ijumaa ya kwenda msikitini.

Angalia tena mfano wetu. Siku ya kazi ilianza saa 12 asubuhi kwenye foleni. Saa zake 12 zilikwisha saa 12 jioni, lori likiwa ndiyo kwanza limetoka Lindi.

Wenzetu wa nchi nyingine nao wamejiwekea mipaka. Katika nchi za Umoja wa Ulaya dereva wa lori hupumzika dakika 45 baada ya kuendesha saa 4 na nusu, na kwa siku huendesha saa 9, au 10 mara mbili tu katika wiki. Marekani huruhusu saa 11 za kuendesha baada ya saa 10 za mapumziko, na tangu mwishoni mwa mwaka 2017 malori mengi huko hutakiwa kuwa na chombo kinachoandika saa hizo chenyewe. Hapa kwetu mabasi yamedaiwa kuwa na madereva wawili safari inapozidi saa 8. Dereva wa lori mara nyingi yupo na utingo tu, na utingo si dereva. Kumpa kijana usukani usiku ili dereva alale ni kuongeza hatari juu ya hatari.

Pia tusisahau mkataba. Mwezi wa Aprili 2015 madereva waligoma nchini. Walipinga kutakiwa kurudi darasani kila wanapotaka kuhuisha leseni, na walidai mikataba ya ajira. Madai hayo mawili yanakutana hapa. Elimu bila mkataba haimsaidii dereva, maana anayelipwa kwa safari, bila mshahara wa uhakika, atauza usingizi wake hata kama amesoma.

DEREVA ANAYEJUA KUPANGA

Katika makampuni makubwa kuna ofisa wa usafirishaji anayepanga gari lipi liende wapi, lini, na lirudi na nini. Kwa mwenye lori moja au Fuso moja, kazi hiyo hufanywa na dalali wa mizigo kwa simu, au haifanywi kabisa. Gari linashusha mabati na sukari Lindi, kisha linakaa siku tatu likingoja bahati. Posho inakwisha. Mzigo ukipatikana usiku, dereva anaona lazima afidie siku zilizopotea. Hapo ndipo usingizi unapoibwa.

Kwa hiyo dereva anayejifunza kupanga anajiokoa pia. Daftari la shule na simu vyatosha kuanzia. Aandike mambo haya:

1. Saa aliyoamka, si saa aliyowasha gari tu. Kusubiri foleni na kupakia ni kazi.

2. Kilometa za safari zigawanywe kwa 50, kisha ziongezwe saa za mizani, chakula na mapumziko.

3. Mahali pa kulala patajwe kabla ya kuondoka. Toka Mtwara hadi Dar es Salaam ni kilometa zipatazo 560, yaani zaidi ya saa 11 za usukani. Siku moja haitoshi. Nangurukuru, kwenye njia panda ya Kilwa Masoko, ni mahali panapofaa kukata safari.

4. Mzigo wa kurudi utafutwe kabla ya kwenda, pamoja na bei yake na siku ya kupakia.

5. Karatasi zote na uzito vikaguliwe ghalani. Lori likizuiwa mizani nusu siku kwa ajili ya uzito, nusu siku hiyo itatolewa kwenye usingizi.

6. Hali ya njia iulizwe. Mwezi wa Mei 2024 mvua kubwa na kimbunga Hidaya vilikata barabara eneo la Somanga, na magari yakakwama.

Anayetaka kusoma zaidi aulize Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kilichopo Mabibo, Dar es Salaam, au vyuo vya VETA, ambavyo vipo Lindi na Mtwara pia.

YALIYO MIKONONI MWETU

Kazi ya kupanga haihitaji misuli. Mama aliyesoma, mwenye simu na anayejua kutunza daftari, anaweza kabisa kuwa mpangaji wa lori la familia. Anaweza kuongea na wenye mizigo, kuandika tarehe, na kukataa kwa heshima: "Bwana, dereva wangu atapakia leo, ataondoka kesho asubuhi." Neno hilo ni rahisi zaidi kwa aliye nyumbani kuliko kwa dereva anayesimama mbele ya tajiri.

Ikiwa wewe ndiwe mwenye mzigo, wa samaki au nazi au ufuta, usiahidi soko saa ambayo dereva hawezi kuifikia bila kukesha. Kama samaki lazima wasafiri usiku, dereva alale mchana wa siku hiyo, na barafu iongezwe. Barafu ni nafuu.

Dereva akirudi nyumbani saa 9 usiku, watoto watolewe nje asubuhi na wageni waambiwe wangoje. Asiamshwe ili apeleke mtu gengeni. Mpatane saa za kupigiana simu, pale anaposimama kula na anapofika kulala, ili usimpigie akiwa kwenye usukani.

Mwambie pia dalili za hatari: kupiga miayo mfululizo, kutokumbuka kijiji kilichopita, gari kuhama upande. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio hakuondoi usingizi. Kahawa husaidia kwa muda mfupi tu, na huchukua kama nusu saa kufanya kazi. Mirungi na vidonge huficha uchovu, haviuondoi. Asimame mahali salama, afunge milango, alale dakika 20, kisha atafute mahali pa kulala usiku kucha.

Nyuma ya malori mengi imeandikwa kwamba haraka haraka haina baraka. Maneno hayo yanasomwa na anayefuata nyuma, si na anayeendesha. Mama, chukua daftari leo jioni. Muulize dereva wako atapakia lini, ataondoka saa ngapi, na atalala wapi. Akikosa jibu la swali la tatu, safari hiyo bado haijapangwa.