Kutambua Mtetemo wa Mashine Zenye Joto Kali

Kila mashine inayozunguka hutetemeka. Sehemu zake zikiwa zimekaa sawasawa, mtetemo huwa mdogo. Lakini beringi ikilika, au mhimili ukipinda, mtetemo huongezeka. Mafundi wakiugundua mapema, huisimamisha mashine na kuitengeneza. Wasipougundua, mashine huweza kuvunjika ghafla na kuwajeruhi watu.

Jaribio
Weka kiganja juu ya meza. Mwambie mwenzako agonge upande wa pili polepole, kisha kwa nguvu. Je, unahisi tofauti gani?

Fundi hawezi kushika hivyo mtambo wenye joto kali. Huko Olkaria, nchini Kenya, mvuke utokao ardhini umezungusha mitambo ya kufua umeme tangu mwaka 1981. Kwa mitambo ya namna hii hutumiwa kihisi, yaani kifaa kinachogeuza mtetemo kuwa umeme.

Ndani ya kihisi mna kipande cha fuwele na kipande kizito cha chuma. Mashine inapotetemeka, chuma hicho huigandamiza fuwele na kuiachia. Fuwele nayo hutoa umeme hafifu. Mtikisiko ukizidi nguvu, umeme nao huzidi. Tabia hii ya fuwele iligunduliwa mwaka 1880 na ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie.

Hata hivyo, joto huweza kukiharibu kihisi chenyewe. Chembe za fuwele zimejipanga kwa utaratibu maalumu. Joto likizidi, mpango huo hubadilika. Chembe za kwatzi hubadili mpango wake kwenye nyuzi 573 za Sentigredi. Vipande vingine, ambavyo huchomwa viwandani kama vyungu, hupoteza uwezo wa kutoa umeme vikipata joto kupita kiasi. Hata vikipoa, uwezo huo haurudi.

Vifaa vya elektroni vinavyokuza umeme huo hafifu ni dhaifu zaidi. Vingi huharibika joto lipitapo nyuzi 150 hivi. Kwa hiyo fuwele inayostahimili joto hufungwa kwenye mtambo, na vifaa vya kukuza umeme huwekwa mbali, mahali penye ubaridi. Waya unaoviunganisha hupitishwa ndani ya mrija wa chuma uliojazwa unga wa madini, kwani plastiki ingeyeyuka.

Zoezi
1. Taja mambo mawili yanayoongeza mtetemo wa mashine.
2. Eleza jinsi fuwele inavyotoa umeme.
3. Kihisi kilichoharibiwa na joto hakionyeshi mtetemo wowote. Kwa nini jambo hili ni la hatari kwa mafundi?