Neno "Kinga" katika Maelezo ya Spirulina

Miongoni mwa maneno ambayo mfasiri hudhani amekwisha yamudu, limo neno "kinga". Maelezo ya Kiingereza yanayoambatana na vidonge vya spirulina hudai kwamba bidhaa hiyo hutia nguvu mfumo unaoulinda mwili, na tafsiri inayokuja upesi ni "huongeza kinga". Sisi hatuoni kuwa yafaa.

Tuchukue Kasulu na Kibondo, nyanda za juu za Kigoma. Huko Kiswahili husomwa na Waha, ambao lugha yao ya nyumbani ni Kiha, na pia na Wakongo waliopokewa katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, tangu 1996. Wasomaji hao hukutana na neno "kinga" hasa penye chanjo na penye UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini. Basi ikiwa ugonjwa ni upungufu, kile kinachoongeza kitakuwa nini kama si dawa? Mgonjwa aweza kuacha vidonge vya kufubaza virusi kwa sababu ya kitenzi kimoja.

Sayansi yenyewe haisemi makubwa hayo. Katika maabara, fikosianini, ambayo ni rangi ya buluu ya spirulina, pamoja na baadhi ya sukari zake changamano, zimeonekana kuamsha seli kadhaa za ulinzi na kupunguza uvimbe. Majaribio kwa binadamu ni machache na madogo, wala hayajathibitisha kwamba huponya maradhi. Tena kuamsha si heri daima: mtu ambaye seli zake za ulinzi zinaushambulia mwili wake mwenyewe hushauriwa ajiepushe nayo. Kwa hiyo twapendekeza "huweza kuchochea baadhi ya seli za kinga".

Neno "mwani" nalo tuwaachie wakulima wa Zanzibar. Spirulina si mmea. Ni bakteria anayejitengenezea chakula kwa nuru ya jua, naye hustawi katika maji ya magadi. Heroe humla katika maziwa ya Bonde la Ufa, na watu wa Kanem nchini Chad humwanika na kumtia katika mchuzi. Lakini baadhi ya jamaa zake hutoa sumu inayodhuru ini. Mwalimu akifundisha kwamba "mwani wa kijani" huliwa, mwanafunzi atauteka utando wowote wa kijani autakaouona bwawani. Kundi zima liitwe "saianobakteria", na huyu mmoja abaki "spirulina".

Juu ya kopo iandikwe: "Chakula cha nyongeza. Si dawa wala chanjo."