Mzigo wa mwanagenzi wa sheria si kanda la usufi

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeutazama kwa mbali huuona mwepesi kama unyoya. Anayeujua uzito wake ni yule uliomkalia kichwani. Methali hii hunijia kila ninapowafikiria vijana wetu wanaosomea taaluma za uhalifu, sheria na urekebishaji tabia, ambao kabla ya kufuzu hulazimika kwenda kufanya mazoezi ya kazi katika mahakama, magereza, vituo vya polisi na afisi za probesheni. Jamii huwaona wamevaa nadhifu na kukumbatia mafaili, ikadhani kwamba tayari wamefika. Laiti ingejua wanachorudi nacho vifuani jioni!

Nitauzungumzia mfano wa Kitui na Makueni, kwa kuwa ndio ninaoujua kwa karibu. Hizi ni kaunti mbili jirani katika Ukambani. Makueni ilikatwa kutoka Machakos na kufanywa wilaya mwaka wa 1992. Katika sensa ya 2019, Kitui ilikuwa na watu 1,136,187 na Makueni 987,653. Kitui peke yake ina ukubwa wa zaidi ya kilomita mraba 30,000, nchi kavu yenye vijiji vilivyotawanyika na mito ya mchanga ambayo mvua ikinyesha haivukiki. Mahakama zimesambaa kutoka Kitui mjini hadi Mwingi, Kyuso na Mutomo. Na upande wa pili kutoka Wote hadi Makindu, Kilungu na Tawa. Huko ndiko mwanagenzi hupelekwa, aghalabu katika miezi ya Mei hadi Agosti, akiwa na barua ya chuo mkononi na daftari la kuandikia kazi za kila siku.

Tuitazame kwanza kazi yenyewe. Mwanagenzi akipangwa katika afisi ya probesheni, huandamana na afisa kwenda kuchunguza maisha ya mshtakiwa ili hakimu aletewe ripoti kabla ya kutoa hukumu. Hutembelea boma la mshtakiwa, kisha boma la aliyedhulumiwa. Huketi kwenye kigoda chini ya mwembe, mama akimsimulia jinsi mwanawe alivyokatwa panga katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Kesho yake huketi na mamake aliyekata, naye pia analia. Wa tatu ni msichana wa darasa la sita aliyenajisiwa na mtu wa ukoo wake. Kijana wa miaka ishirini na mmoja, ambaye mwezi uliopita alikuwa akikariri nadharia za uhalifu ili afaulu mtihani, anatakiwa ayasikie haya yote kwa uso mkavu, ayaandike kwa hati safi, kisha apande matatu kurudi chumba alichopanga.

La pili ni kwamba mara nyingi mwanagenzi na mshtakiwa ni hirimu moja. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka wa 2006 inaweka kifungo kisichopungua miaka 15 kwa anayemnajisi mtoto wa kati ya miaka 16 na 18. Mwaka wa 2022, Mahakama Kuu ya Machakos ilitoa uamuzi kwamba vifungo hivyo vya lazima, visivyomwachia hakimu nafasi ya kupima, vinakiuka Katiba. Lakini mnamo Julai 2024, Mahakama ya Juu ilisema viwango vya chini vilivyowekwa na sheria hiyo vingali halali. Mimi sijadili hapa ni nani aliyesema kweli. Ninachosema ni kwamba yuko mwanagenzi anayesoma faili la kijana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa na uhusiano na msichana wa miaka kumi na sita, na anajua kwamba kijana huyo akipatikana na hatia anaweza kutoka gerezani akiwa na umri wa zaidi ya miaka thelathini. Anajua vilevile kwamba msichana yule ni mtoto mbele ya sheria na anastahili ulinzi. Afisa mzoefu amekwisha kujifunza kuzibeba kweli mbili kwa mkono mmoja mmoja. Mwanagenzi hajafunzwa hilo na yeyote.

La tatu ni lugha. Msomaji anaweza kudhani kwamba anayetaabika ni yule mgeni asiyejua Kikamba. Huyo ana shida zake, ni kweli, maana hukaa kando kama bubu. Lakini katika mazungumzo yangu na vijana hawa nimegundua kwamba anayeumia zaidi ni yule anayekijua. Yeye ndiye anayeitwa kutafsiri afisa anapomhoji mzee au mtoto. Na mkalimani, msomaji, hasemi "mtoto huyu anadai alifanyiwa hivi". Kwa desturi ya kazi hiyo husema "nilifanyiwa hivi". Maneno ya aliyedhulumiwa humpitia kinywani yakiwa na nafsi yake mwenyewe. Msichana mmoja aliniambia kwamba kwa wiki mbili baada ya kutafsiri maneno ya namna hiyo, alikuwa akiyasikia usiku kwa sauti yake, wala si kwa sauti ya mtoto. Zaidi ya hayo, aliyezaliwa katika kaunti hizi hana pa kujificha. Huenda mshtakiwa ni jirani wa mjomba wake. Siku ya soko atakutana na jamaa za pande zote mbili, na kila mmoja atataka kujua faili linasemaje.

Sijataja bado walio magerezani. Sheria yetu humruhusu mama mfungwa kukaa na mtoto wake mchanga hadi atimize miaka minne. Kwa hiyo mwanagenzi aliyekwenda kuwaona wahalifu hujikuta akimtazama mtoto asiye na kosa lolote akijifunza kutembea nyuma ya ukuta. Tena kwa miaka mingi wanagenzi walishuhudia kizimbani watu walioshtakiwa kwa kosa la kujaribu kujiua, chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Ni Januari 2025 tu ambapo Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Hebu fikiria funzo walilopata vijana waliotangulia: kwamba mwenye dhiki ya moyo iliyomshinda, mahali pake ni kizimba. Nani kati yao angethubutu kumwambia msimamizi wake kwamba yeye pia halali usiku?

Juu ya hayo yote kuna umaskini. Wanagenzi wengi hawalipwi hata senti moja. Karo ya muhula hulipwa vivyo hivyo, na nauli, chakula cha mchana na kodi ya chumba Wote au Kitui mjini ni juu ya mzazi ambaye huenda anategemea mahindi ya mvua mbili zisizotabirika. Mwenye njaa hana subira ya kusikiliza. Naye aliyetembea kilomita tano ili aokoe nauli hufika kazini akiwa amekwisha kuchoka.

Hali hii si uzushi wa watoto wa siku hizi waliolelewa kwa mayai. Hans Selye, mtaalamu aliyefanya kazi Montreal nchini Kanada, alianza kuandika mwaka wa 1936 jinsi mwili unavyodhoofika ukikabiliwa na shinikizo lisilokoma. Mwaka wa 1984, Richard Lazarus na Susan Folkman wa Marekani walifafanua kwamba binadamu hukabiliana na msongo kwa njia kuu mbili: ama kwa kuliondoa tatizo lenyewe, ama kwa kuyatuliza maumivu yanayoletwa na tatizo. Naye Charles Figley, mwaka wa 1995, alitoa kitabu kuhusu uchovu unaowapata watu ambao kazi yao ni kuwahurumia wengine. Alionyesha kwamba anayesikiliza mateso kila siku anaweza kujeruhiwa nayo japo hayakumpata yeye.

Tukiipima hali ya mwanagenzi wetu kwa mizani ya Lazarus na Folkman, tunaona mara moja alivyobanwa. Njia ya kwanza amefungiwa. Hana uwezo wa kupunguza mafaili, kubadilisha sheria, wala kumkatalia msimamizi ambaye ndiye atakayemwandikia alama. Imembakia njia ya pili tu, ya kujituliza, na kila mmoja huitafuta kivyake. Wako wanaosali na kuimba kwaya. Wako wanaocheza kandanda jioni mpaka giza liingie. Wako wanaompigia simu rafiki wa chuoni aliyepelekwa kaunti nyingine, wakasimuliana bila kutaja majina. Hawa, kwa bahati, wameokota dawa njema. Lakini wako pia wanaokimbilia chupa na muguka ili mawazo yanyamaze. Na liko kundi la tatu ambalo hulinitia hofu kuliko hata la walevi: wale wanaojifunza kucheka. Mtoto analia mbele yao, nao wanakonyezana. Mahabusu anaitwa kwa namba ya faili lake na kutungiwa utani. Wasimamizi hufurahi wakisema kijana amekomaa. Hakukomaa, amekufa ganzi.

Hapa ndipo suala hili linapoacha kuwa la mwanafunzi na kuwa la taifa. Mwanagenzi wa leo ndiye inspekta, afisa wa probesheni, mwendeshaji mashtaka na mkuu wa gereza wa kesho. Samaki mkunje angali mbichi. Tabia anayoiokota katika miezi mitatu ya Makindu au Mwingi ndiyo atakayokwenda nayo kazini kwa miaka thelathini. Mwananchi anayefika kituoni kupiga ripoti ya kunajisiwa kwa mwanawe, kisha akapokewa kwa kejeli, hana budi kujiuliza afisa yule alijifunzia wapi kejeli hiyo. Nami nasema huenda aliianza akiwa mwanagenzi, siku aliposikia jambo lililomzidi kimo na asione mtu wa kumwambia.

Watakuwapo watakaonipinga. Watasema kazi ni kazi, kwamba wao walipitia hayo hayo na hawakufa, na kwamba asiyeweza kuvumilia na atafute kazi nyingine. Hoja hii nimeisikia sana, na haina mashiko. Daktari mwanafunzi hapewi kisu apasue mtu peke yake ati kwa sababu hatimaye atapasua. Husimamiwa hatua kwa hatua. Tena wale wanaojigamba kwamba walizoea, ni wajibu wetu kuwauliza walizoea kwa gharama gani, na nani aliyeilipa nyumbani kwao.

Wengine watasema kwamba siri za kesi hazifai kutolewa nje, hivyo kunyamaza ni sehemu ya maadili. Nakubaliana nao nusu. Jina la mshtakiwa, kijiji chake na yaliyomo katika faili ni siri, na mwanagenzi anayeyatapakaza anastahili kuadhibiwa. Lakini usingizi uliompotea si siri ya mahakama. Kijana anaweza kueleza jambo lilivyomwumiza bila kumtaja mtu. Kosa letu ni kumfundisha kufunga mdomo bila kumfundisha tofauti hiyo.

Serikali haiwezi kujitetea kwamba haikuambiwa. Mwaka wa 2020, jopo la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Jopo jingine, la aliyekuwa Jaji Mkuu David Maraga, lilichunguza hali ya askari wa polisi, wa magereza na vijana wa NYS, na kuwasilisha ripoti mwaka wa 2023. Ni vyema kwamba askari wamekumbukwa. Mwanagenzi, ambaye si askari na si raia wa kawaida, ameachwa katikati kama kitoto cha popo.

Ninayopendekeza hayahitaji mabilioni ya pesa. Kwanza, vyuo viwaandae wanafunzi kabla ya kuwatuma, viwaeleze waziwazi watakayokutana nayo na dalili za moyo uliolemewa. Pili, wanagenzi wapelekwe wawili wawili, ili kila mmoja awe na mwenzake anayeielewa kazi. Tatu, msimamizi atenge walau saa moja kila Ijumaa ya kuketi nao, asiulize wamejaza kurasa ngapi tu bali pia ni faili lipi lililowalemea. Nne, mwanafunzi asitumiwe kutafsiri maelezo ya mtoto aliyenajisiwa. Kazi hiyo ina wenyewe. Tano, mwanagenzi awe na haki ya kusema "hili siliwezi leo" bila kupunguziwa alama. Sita, mhadhiri anayekuja kumkagua asitie saini na kugeuza gari. Amwite faraghani, mbali na msimamizi, amwulize hali. Na serikali za Kitui na Makueni zione haya, ziwape angalau nauli na chakula cha mchana vijana wanaozitumikia jamii zao bila mshahara.

Anayesafiri Ukambani huviona vilima vilivyochongwa matuta yanayouzuia udongo usichukuliwe na maji. Matuta mengi kati ya hayo yalichimbwa na vikundi vya mwethya, majirani wakienda leo kwa huyu na kesho kwa yule, majembe begani. Watu wa huko walijua kwamba kilima hakichimbwi na mtu mmoja. Maarifa hayo tunayo, na tumeyarithi bure. Ni ajabu kwamba tunamwachia kijana wa chuo achimbe peke yake kilima cha misiba ya watu. Wakuu wa vyuo, wasimamizi wa afisi na viongozi wa kaunti wasingoje mmoja wa vijana hawa ajidhuru ndipo waitishe mkutano. Mficha maradhi, kilio humfichua.