KIPINDI CHA 7: MTOTO ANAHARISHA TENA NA TENA – TUTAFUTE CHANZO

 

Hapa Ijara kila mfugaji analijua jambo hili: ukimtoa mbuzi kupe asubuhi, kisha ukamrudisha kwenye malisho yale yale yenye kupe, jioni utaanza kazi upya. Kuharisha kwa watoto wetu ni hivyo hivyo.

Mama mmoja alimleta kwangu mtoto wake wa mwaka mmoja mara tatu katika msimu mmoja wa mvua. Mara mbili za kwanza nilimpa dawa, mtoto akapona, wakaenda nyumbani. Mara ya tatu mtoto alikuwa amekonda na macho yameingia ndani. Hapo ndipo nilipouliza swali nililopaswa kuuliza siku ya kwanza: "Mama, maji ya kunywa mnachota wapi?" Akajibu, "Sista, ni bwawa lile lile la ng'ombe."

Nilikuwa nikitibu ugonjwa na kuacha chanzo. Hebu tuulize pamoja.

Kwa nini mtoto anaharisha? Amekunywa maji machafu.
Kwa nini maji ni machafu? Mifugo huingia bwawani, na mvua husomba kinyesi hadi humo.
Kwa nini kinyesi kiko nje? Nyumba nyingi hazina choo.
Kwa nini bwawa halina ua? Wanaoamua mambo ya bwawa ni wanaume, lakini anayechota maji na kumuuguza mtoto ni wewe mama.

Kwanza, okoa maisha
Mtoto anapoharisha, usimnyime maji wala chakula. Endelea kumnyonyesha. Mpe maji ya ORS kidogo kidogo. Yachanganye kama pakiti inavyoeleza, kwa maji safi. Mpe vidonge vya zinki kila siku kwa siku 10 hadi 14, kama ulivyoelekezwa, hata kama kuharisha kumekoma. Mkimbize kituo cha afya ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, anatapika kila kitu, amelegea au hawezi kunyonya.

Pili, linda nyumba yako
Maji ya bwawa, na hata ya Mto Tana, yana tope. Dawa ya maji haifanyi kazi vizuri kwenye tope. Acha maji yatulie, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kisha yachemshe mpaka yatokote, au weka dawa na usubiri dakika 30. Yahifadhi kwenye chombo chenye kifuniko. Nawa mikono kwa sabuni baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto na kabla ya kumlisha. Kinyesi cha mtoto kitupwe chooni. Kama hakuna choo, kifukiwe mbali na maji. Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye tu, asipewe hata maji. Tena mpeleke akapate chanjo ya rota, inayotolewa Kenya tangu 2014. Huanza akiwa na wiki 6.

Tatu, ng'oa mzizi
Hapa mama mmoja peke yake hawezi. Iwe uko Masalani, Hulugho au Sangailu, zungumza na mzee wa nyumba na akina mama wenzako. Ombeni nafasi kwenye kamati ya maji. Bwawa lizungushiwe ua wa miiba, na mifugo inyweshwe kwenye birika lililo mbali na mahali pa kuchotea. Familia zichimbe vyoo, mbali na bwawa. Mwiteni afisa wa afya ya umma awaelekeze. Tangu 2013 maji na zahanati ni kazi ya serikali ya kaunti. Basi inapoita mkutano wa bajeti katika wadi yenu, nendeni mkaseme.

Usidhani mifugo itakosa. Ng'ombe watakunywa kwenye birika, na mtoto atakunywa maji salama. Wote ni mali ya nyumba moja.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Pakiti ya ORS ni muhimu, mama, iweke nyumbani. Lakini mtoto akiharisha mara ya pili, usiulize tu "dawa iko wapi?" Uliza pia "maji yametoka wapi?"

Swali la kujadili na majirani: Nani anaamua mambo ya bwawa letu, na je, kuna mama hata mmoja kati yao?

Mpaka kipindi kijacho, kaeni salama.