Tufukue Visima Tukingali Tunapona

Fungua Mwanzo 26. Kuna njaa nchini. Isaka hakimbilii Misri. Anamtii Bwana, anabaki Gerari na kufukua visima vya babake Abrahamu vilivyofukiwa na Wafilisti. Watu wanamgombania maji. Anasogea mbele, anachimba tena, hadi anafika Rehobothi, mahali pa nafasi.

Corona nayo ilitufukia visima vingi: ajira, biashara, masomo. Mnamo Mei 23, 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mpango wa kufufua uchumi wa Sh53.7 bilioni. Ndani yake mlikuwa na Sh850 milioni za kukarabati visima, vidimbwi na matangi katika maeneo kame, Sh1 bilioni za kukabili mafuriko na Sh540 milioni za kupanda miti.

Hiyo ni hekima ya Isaka. Shilingi moja humpa kijana kibarua leo na mfugaji maji kesho. Lakini jumlisha mafungu hayo matatu: hayafiki shilingi tano katika kila mia.

Kabla ya mwaka huo kuisha, mvua ilianza kukosa kaskazini na mashariki mwa nchi. Misimu mitano ilipita mfululizo. Septemba 2021 ukame ukatangazwa kuwa janga la kitaifa, na kufikia mwisho mifugo zaidi ya milioni mbili ilikuwa imekufa.

Utasema, “Mgonjwa atibiwe kwanza, mazingira baadaye.” Kweli, hospitali zilihitaji vitanda. Ila, ndugu yangu, janga moja halingoji jingine lipite. Ukimtibu mtu kisha ukamrudisha kwenye nyumba inayomwugua, hujamponya.

Kwa hivyo, kaunti yako inapoita wananchi kujadili bajeti, nenda. Katiba inakupa nafasi hiyo. Uliza swali moja: fedha hizi zikiisha, zitatuachia nini ardhini? Nasi kanisani tujiulize: mvua inayonyesha juu ya mabati yetu inaingia kwenye tangi, au inakwenda kumomonyoa shamba la jirani?

Sehemu ya fedha za kufufua uchumi ilikopwa, na wanetu ndio watakaolipa. Isaka alirithi kisima kutoka kwa babake. Tusiwaachie wetu deni pekee. Tuwaachie na maji.

Jumapili njema.